Nusu Mkate wa Marehemu Gordon

Ziwani, Nairobi
8 Septemba 2025

Mwanangu Willis,

Pokea salamu zangu, nami natumaini upepo wa huko haujakupeperusha. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halikubali kazi asubuhi mpaka nilitembeze hadi mferejini na kurudi. Jirani yangu Batulo anakusalimu. Ameongeza meza ya pili nje ya mlango wake, sasa anauza madera na maziwa ya ngamia pamoja, na wateja wa maziwa wanayamwagia madera. Mwanawe Zakariye anasema umemnyamazia. Mwandikie rafiki yako.

Barua yako ya Agosti niliichukua pale ofisi ya mabasi. Karani alinicheka, eti mama, siku hizi watu wanapiga simu. Nikamwambia simu ni ya kumuuliza mtu kama amekula. Mambo ya maana yanataka uketi chini.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa tuliitwa ukumbini, mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu zahanati. Ndiyo, zahanati yetu, niliyoifagia na kuiosha miaka thelathini na moja, na wewe mwenyewe ulizaliwa humo. Wanataka kuibomoa wajenge maduka ya ghorofa nne. Eti tutapewa nyingine mahali pengine. Nikasimama nikasema sikubali, na nikauliza hapo pengine ni wapi. Wakasema hilo linashughulikiwa.

Lakini ungeuona ukumbi, Willis! Zamani mkutano ukiitwa watu walijaa hadi madirishani. Safari hii tulikuwa thelathini na mmoja. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeosha vikombe. Vijana hakuna. Walikuwa nje, wamekalia ukuta na simu zao, na nilipowaita mmoja akaniambia, "Shosh, hiyo maneno ishapangwa kitambo. Wewe ingia tu ukule mkate."

Chai ilikuwa na maziwa, hilo siwezi kukataa, na kila jina lilipata nusu mkate na soda. Sehemu yako nilikula kwa niaba yako.

Sasa niahidi kitu. Mwaka wa 2027 si mbali. Utakuja kupiga kura yako hapa, kama mara ile? Wewe na hao wenzako mkiendelea kukaa ukutani, tutatawaliwa na waosha vikombe.

Shangazi yako,
Truphena


Laisamis
27 Septemba 2025

Waya, shangazi yangu mpendwa,

Mimi sijambo, na watoto wangu sitini na wawili wa darasa la saba hawajambo. Vumbi la huku linaingia hadi ndani ya kalamu. Mzazi mmoja amenipa mbuzi jike kwa kumfundisha mwanawe kugawanya, nami sijui nimfanye nini. Nimempa jina lako kwa sababu hanyamazi.

Pole kwa goti. Usilifanyie ujeuri.

Kuhusu kura, hapana. Sitaki kukudanganya. Mara ile nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, nikampigia kura yule aliyekuja kucheza ngoma kwenye lango la zahanati, akaapa kwamba wodi ya akina mama itafunguliwa kabla ya Krismasi. Ni Krismasi ngapi sasa? Kufuli ni lile lile. Halafu ikaja ile Juni ya maandamano, na hiyo sitaki kuiandika.

Tangu Juni hiyo nilijiwekea sheria moja. Jina langu lisionekane kwenye karatasi yao yoyote. Sipigi kura, siendi mkutano, sitii sahihi. Wakinikosa kwenye madaftari yao watanisahau, nami niwasahau. Watu husema vijana ni wavivu. Mimi si mvivu, Waya, mimi nimekataa. Wacha wahesabu viti vitupu.

Nawe acha kuwaoshea vikombe.

Willis


Ziwani
19 Oktoba 2025

Mwanangu,

Kwa hiyo mimi ni mbuzi. Sawa. Natumaini anatoa maziwa, maana mwenye jina ananyonyeshwa shubiri na mtoto aliyemlea.

Batulo hajambo, Zakariye amepata kazi ya kupakia mizigo Gikomba siku tatu kwa wiki. Mvua za vuli zimetuanzia vibaya, na paa linavuja palepale ambapo Gordon wangu, marehemu mjomba wako, aliziba mwaka wa tisini na saba. Nimeweka sufuria.

Jumatatu walibandika tangazo kwenye lango la zahanati. Batulo alinisomea mara mbili kwa sababu niliona kama miwani inanidanganya. Wakazi mia mbili na kumi na wawili walihudhuria mkutano, na wote waliuafiki mradi. Wote! Mia mbili na kumi na wawili! Nilimwendea Matheka, yule karani wa ukumbini aliyeshika daftari la mahudhurio, nikamuuliza watu hao walikaa wapi, kwenye taa? Akasema, "Mama, majina yapo na sahihi zipo. Mimi sikumshika mtu mkono." Nikarudi nyumbani.

Kuanzia Aprili tutafuata dawa za presha kwingine. Muuguzi hajui ni wapi, naye anahamishwa.

Unasema wakikukosa kwenye daftari watakusahau. Mtoto wewe, nani alikuambia hao wanahitaji uwepo? Hiyo sheria yako waliipenda kabla hujaiandika. Unafikiri umewanyima kitu. Umewarahisishia kazi.

Ile jaketi yako ya Juni ningali nayo. Nimeifua mara tatu. Sikuulizi.

Shangazi yako


Laisamis
9 Novemba 2025

Waya,

Salamu. Mbuzi ni mzima, mimi pia.

Jumapili mtandao ulifunguka kidogo, na ujumbe wa Zakariye ukaingia. "Buda, niaje. Kwani ulikam mtaa lini bila kutuambia? Naona umesign ile form ya dispensary." Nilifikiri ananitania. Akatuma picha. Kuna mtu alipata nakala ya lile daftari, na sasa inazunguka kwenye simu za mtaa mzima.

Namba themanini na sita, Truphena Amondi. Hiyo sawa, ulikuwepo. Namba themanini na saba, Gordon Akech. Waya, mjomba alifariki 2019. Mimi nilishika jeneza lake upande wa kushoto na tope lilinivua kiatu. Namba themanini na nane, Willis Okinyi. Na sahihi.

Nimeikuza ile picha hadi ikawa nukta. Naijua hiyo W. Ina mkia unaorudi chini kama wa paka. Uliiandika kwenye jalada la kila daftari langu tangu chekechea mpaka darasa la nane, na watoto walinicheka kwa sababu yake.

Niambie si wewe.

Willis


Laisamis
14 Desemba 2025

Waya,

Wiki tano. Batulo amemwambia Zakariye kwamba u mzima na unakwenda kanisani, basi si ugonjwa.

Nilikueleza sheria yangu, moja tu. Kumbe wakati naiandika, nilikuwa nimeshakubali kubomolewa mahali nilipozaliwa. Kwa soda! Hata sijui ilikuwa rangi gani.

Krismasi sitakuja. Tunasahihisha mitihani.

Willis


Ziwani
3 Januari 2026

Mwanangu Willis,

Heri ya mwaka mpya. Mitihani haisahihishwi Krismasi, nawe unajua kwamba najua.

Ni mimi. Nimeandika hivyo kwenye karatasi nne kabla ya hii, nikazichana zote.

Unajua tunavyofanya hapa. Kitu kikigawanywa kwa majina, unaandika na la aliye kazini, na la aliyelazwa, na la aliye safarini. Blanketi, unga, vyandarua, yote tulipata hivyo. Wewe chandarua chako kilikufikia bwenini kwa sababu niliandika jina lako ingawa hukuwepo. Hatukuwahi kuona ni wizi. Tulikuwa tunawahesabu watu wetu wasikose. Basi Matheka alipitisha daftari kabla mkutano haujafunguliwa, akasema nusu mkate kwa kila jina. Batulo aliandika wanawe sita na mama yake aliye Garissa. Kila mtu aliandika wake. Juu ya ukurasa palikuwa na maneno madogo, nani angeyasoma na mkate unanukia?

Unataka kujua kwa nini Gordon. Hata mimi sijui. Miaka arobaini nimeandika langu halafu lake, na mkono ukaenda wenyewe. Nilipoona nilichofanya ningeweza kukata. Sikukata. Nilibeba nusu mkate wake nyumbani, nikauweka upande wake wa meza, nikaketi mbele yake mpaka chai ikapoa. Halafu nikaula. Nililia pia, kama unataka kujua yote.

Nilikunyamazia kwa aibu. Kukuandikia uongo sikuweza, na ukweli ulikuwa mdogo mno, nusu mkate. Lakini aibu ya miezi miwili inamtosha mtu mzima. Sasa nina hasira, na hasira inanisaidia hata goti.

Sikiliza. Tarehe kumi na moja Februari kuna kamati inayosikiliza malalamiko ya ardhi. Wote wanaosema walidanganywa wanaambiwa walete ushahidi. Ushahidi ninao mimi. Mtu aliyekufa 2019 ameafiki mradi wa 2025, na cheti chake cha kifo kiko ndani ya Biblia yangu. Nitasimama nacho.

Kwako nataka kitu kimoja. Karatasi inayosema kwamba Septemba tano ulikuwa darasani Laisamis, mwalimu mkuu apige muhuri, utie sahihi kwa mkono wako. Najua sheria yako. Lakini jina uliliacha limekaa bure, nami nikalitumia kwa mkate, nikiwa nakupenda. Fikiria wasiokupenda wangelitumia kwa nini.

Shangazi yako,
Truphena


Laisamis
22 Januari 2026

Waya,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Hasira yangu imeisha, nadhani iliishia kwenye ule upande wa meza.

Lakini usiende. Nakuomba. Kutia sahihi ya mtu mwingine ni kosa la jinai. Utasimama pale na cheti chako, watakusikiliza vizuri sana, halafu watakushika wewe. Si Matheka, si wale wa maduka. Wewe, bibi wa miaka sitini na tisa mwenye goti. Huwajui hawa watu. Karatasi sitatuma, kwa sababu ikifika mezani kwao itakuwa ndiyo ya kukufunga.

Na kwa kuwa umeniambia yako yote, nami nikwambie ya Juni. Tulimbeba kijana mmoja, mimi na watu wawili nisiowajua. Alipigwa risasi juu ya nyonga. Tukikimbia naye alikuwa ananitajia jina lake, analirudia, kana kwamba nitalisahau. Tulimwacha kwenye mlango wa hospitali, wakatufukuza. Kesho yake nilizunguka nikisoma kila orodha niliyoonyeshwa. Waliolazwa, waliokamatwa, waliokufa. Hakuwa popote, Waya. Orodha zao humwacha aliyekuwepo na humwandika asiyekuwepo. Unataka nikatie sahihi nyingine?

Kaa nyumbani. Zahanati ni kuta.

Willis


Ziwani
16 Februari 2026

Mwanangu,

Nilikwenda.

Batulo alifunga meza zote mbili akanisindikiza. Tulikuta ukumbi umejaa kiasi, watu wetu kama arobaini, wengi wamekuja kutazama tu na wamekaa nyuma karibu na mlango. Matheka alikaa mbele na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki. Nikaitwa wa sita.

Nilisema hivi, na Zakariye amenirekodi kama hutaki kuniamini. "Namba themanini na sita ni mimi. Nilikuwepo, nilikataa mradi kwa mdomo wangu, na hamkuandika. Themanini na saba ni mume wangu. Hiki hapa ni cheti chake cha kifo. Themanini na nane ni mtoto niliyemlea, siku hiyo alikuwa anafundisha Laisamis. Sahihi zote tatu ni mkono wangu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, unaelewa kwamba unakiri kosa?"

"Naelewa. Niandike. Ukimaliza kuniandika mimi, mwandike na yule aliyechukua daftari la mkate akaligeuza kuwa kukubali kwetu."

Nakwambia ukweli, Willis. Nilifikiri nimebaki peke yangu. Halafu nikasikia buibui la Batulo likichakarika kando yangu. Akasema, "Mimi ni namba arobaini. Arobaini na moja mpaka arobaini na saba ni wanangu na mama yangu. Mama yangu hajawahi kuvuka mto Tana. Niandikeni pia." Baada yake akasimama fundi viatu wa kona, akataja zake nne. Kisha mwalimu wa shule ya Jumapili, tisa! Mwalimu wa Jumapili! Watu walisimama wakitaja namba kama darasa linaitwa, na wale wa nyuma mlangoni wakasogea mbele. Matheka alilirudisha daftari mfukoni, mwenyekiti akamwambia alitoe.

Wamelifuta. Mkutano utarudiwa Jumamosi tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, palepale. Kila mtu na kitambulisho chake, uso wake, sahihi yake. Hakuna kuandikia mtu. Na wameweka sharti. Tusipofika watu mia mbili, wanahesabu kwamba hatuna pingamizi, na tingatinga zinaingia Aprili. Mia mbili, Willis. Mara ya mwisho tulikuwa thelathini na mmoja.

Kosa langu wamesema litaangaliwa. Waliangalie. Nimepanga kanga mbili na dawa zangu kwenye begi dogo, nimeliweka nyuma ya mlango, wakija wasinisubirishe. Usiniambie niogope. Nimeogopa tangu Oktoba na haikunisaidia kitu.

Umesema zahanati ni kuta. Mama yako alikufia kwenye kuta hizo siku ya tatu baada ya kukuzaa, nami ndiye niliyepiga deki chumba kile baadaye, kwa sababu nilikuwa zamuni na sikutaka mwingine afanye kazi hiyo. Sikukuambia. Sasa umejua. Sizitoi kwa mkate wala kwa maduka.

Niandikie jina la yule kijana. Nitaliweka kwenye Biblia pamoja na cheti cha Gordon, liwe limeandikwa mahali. Jaketi sitaifua tena.

Kuhusu Machi, sikuombi. Nilikuomba mara nyingi sana, na mara moja nikajijibia mwenyewe kwa jina lako.

Shangazi yako,
Truphena


Laisamis
4 Machi 2026

Waya,

Mbuzi amezaa mapacha. Nimemwachia mwalimu mkuu awaangalie, na karatasi yenye muhuri aliniandikia bila kuuliza swali. Ninayo mfukoni, ikiwa wataliangalia lile kosa lako nataka waniangalie na mimi.

Yule kijana alisema anaitwa Muriuki. Jina la baba hakulifikia.

Sikujua kuhusu mama. Miaka yote nilipita kwenye ule mlango nikienda kupimwa kikohozi. Nina maswali, nitakuuliza jikoni.

Kura ya 2027 sijakubali. Usianze kupiga vigelegele kwa Batulo. Tutabishana, na najua utapiga meza. Lakini wale walihesabu kwamba sitakuwepo. Walifanya hesabu yao yote juu ya hilo, na hesabu ndiyo ninayofundisha. Nimemwandikia Zakariye. Amejibu, "Tunawatoa wote kwa ile ukuta, buda, hata kama ni kwa kubebwa." Mpaka jana alikuwa na majina sitini na nne, nikamwambia asihesabu majina, ahesabu watu.

Nimepata ruhusa. Nitapanda basi Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, nitakuwa kwako Ijumaa. Jumamosi saa nne nitasimama kwenye foleni hiyo na kitambulisho changu, nyuma yako.

Usinitilie sahihi.

Willis